Daftari Bila Mali

Kwenye simu yangu kuna orodha ya gemu 41 ambazo siwezi kumuuzia mtu yeyote. Nililipia zote. Nyingine nilizinunua usiku wa manane zikiwa zimeshushwa bei, nyingine kwa pesa ya makala kama hii, na kama nne hivi sijawahi kuzifungua hata mara moja. Mwaka jana, kodi ya nyumba ikiwa imechelewa siku kumi na mbili, nilikaa kitandani nikaipitia orodha hiyo kutoka juu hadi chini mara mbili, kama mtu anayepekua sanduku akitafuta nguo ya kuuza. Sikupata kitu cha kushika. Yalikuwa majina tu.

Nataja kodi kwa sababu niliwahi kupita hapo kabla. Mwaka 2021, nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nilikuwa na PS4 ya mtumba na katoni ya viatu yenye CD kumi na moja. Najua jina lake halisi ni diski ya Blu-ray, lakini Nairobi hii zote ni CD, na nitaziita hivyo. Nilizitia kwenye begi nikaenda tao, kwenye kimoja cha vile viduka vya ghorofani karibu na Luthuli Avenue, ambapo watu watatu wanagawana kabati moja la kioo: mmoja anauza chaja, wa pili anatengeneza simu, wa tatu anauza gemu. Yule wa gemu alizigeuza moja moja chini ya taa akitafuta mikwaruzo, kisha akazipanga mafungu mawili.

"Hizi sita nachukua," akasema. "Hizi za mpira za miaka ya nyuma, bro, rudi nazo. Hata za bure sitaki."

Nilitoka hapo na ngiri nane na nusu. Nililipa nyumba, nikajaza gesi, nikabaki na nauli. Na uchungu haukuwa mwingi, kwa sababu zile sita nilikuwa nimezicheza zikaisha. Utamu wake nilikuwa nimeshaula, na bado ganda lilikuwa na bei.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimefika upande wa pili wa methali hiyo. Nina daftari safi kabisa, lenye tarehe na risiti, ila mali haimo. Na kila ninaposoma uchambuzi wa konsoli zijazo, iwe PlayStation au Xbox, naona watu wanabishana kuhusu nguvu ya mashine: itatoa picha ngapi kwa sekunde, mwanga utaakisiwa vipi kwenye maji. Mimi swali langu la kwanza ni dogo na la kishamba. Hiyo mashine itakuwa na tundu la CD?

Tuanze na jinsi gemu zilivyotufikia wengi wetu. Hazikuja na sanduku jipya chini ya mti wa Krismasi. Zilikuja kwenye kibanda cha mabati chenye TV tatu, benchi mbili, na mwenye kibanda ambaye watoto wote walimwita Anko. Ulilipa bob tano, baadaye kumi, mechi moja. Aliyefungwa alitoka. PS2 ilitoka mwaka 2000, na mpaka leo ndiyo konsoli iliyouzwa zaidi duniani, zaidi ya milioni 150. Hapa mtaani iliishi miaka mingi baada ya wenyewe Japani na Marekani kuisahau. Nyingi zilikuwa zimewekwa chipu, kwa hiyo zilisoma CD yoyote. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka 2004. Mimi niliicheza miaka kadhaa baadaye, kwenye CD nyeupe iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja ikiwa imekosewa.

Huo ulikuwa wizi, na sitaupaka rangi. Hakuna aliyeitengeneza ile gemu aliyewahi kupata bob yetu. Lakini kilichokuja baadaye ndicho ninachotaka kukitetea. PS4 ilikuwa ngumu zaidi kuvunjwa, na watu waliotaka kucheza gemu za kisasa walilazimika kununua CD halali. Hapo ndipo Nairobi ilipojifundisha ustaarabu mpya.

Ulienda hivi. Msee mmoja ananunua gemu mpya kwa ngiri saba na nusu. Anaimaliza kwa wiki tatu, anaiuza tano na nusu. Wa pili anaiuza nne. Wa tatu anaiuza tatu, wa nne anaiuza mbili. Ukipiga hesabu, wa kwanza amelipa elfu mbili kwa raha yake, wa pili elfu moja na mia tano, wa tatu na wa nne elfu moja moja, na wa tano bado anayo. Hakuna hata mmoja aliyeweza kulipia gemu hiyo peke yake bila kuumia, lakini wote wameicheza, na kampuni imelipwa bei yake kamili mara moja. Hii ni chama. Haina mwenyekiti wala kitabu cha mikutano, na wanachama hawajuani, lakini ni chama kama kile cha mama yako.

Tena chama hicho kilitufundisha kucheza. Ukijua bei ya CD inashuka kila wiki, unaifungua siku hiyo hiyo, unaimaliza, unaamua upesi kama ni nzuri au ni upuzi. Kabla ya kununua unauliza watu watatu. Mimi nilikuwa mchambuzi wa gemu kabla sijaandika neno lolote, kwa sababu kila uamuzi mbaya ulinigharimu chakula cha jioni. Siku hizi gemu ikishuka hadi mia tano naibonyeza tu, halafu inakaa. Nina gemu nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na sijawahi kucheza kidogo hivi.

Sasa turudi Juni 2013, kwa sababu vita hivi viliwahi kupiganwa hadharani. Microsoft walitangaza kwamba Xbox One ingehitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kuuza gemu uliyoitumia kungekuwa na masharti. Wachezaji walikasirika. Sony wakatoa video isiyofika nusu dakika ya kufundisha jinsi ya kumwazima rafiki gemu ya PS4. Hatua ilikuwa moja: Shuhei Yoshida na mwenzake wanapeana kasha mkononi, na anayepokea anasema asante. Basi. Kabla mwezi haujaisha, Microsoft walirudi nyuma.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Kwangu ndilo tangazo la Kinairobi kuliko yote ambayo Sony wamewahi kutengeneza, ingawa Nairobi haikuwa akilini mwao. Mkono unatoa, mkono unapokea. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi.

Songa mbele hadi Novemba 2024. Kampuni ile ile ilitoa PS5 Pro, mashine yake yenye nguvu zaidi, kwa dola 700 huko Marekani. Kwa kiwango cha kama shilingi 129 kwa dola, hiyo ni ngiri tisini kabla ya usafiri na faida ya mwenye duka. Haina tundu la CD. Ukilitaka, unanunua kifaa cha kando kwa dola 80, karibu ngiri kumi, na mara ya kwanza unapokiunga lazima uwe na intaneti ili mashine ikikubali. Yaani mwaka 2013 walitucheka pamoja na sisi. Miaka kumi na moja baadaye, kile walichokisherehekea kimekuwa kitu cha kuongezea pesa.

Nintendo nao wameleta mtindo wa kwao. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na baadhi ya gemu zake zinauzwa kwenye kadi ambayo ndani hakuna gemu. Kadi ni ufunguo tu. Unaichomeka, kisha mashine inaipakua gemu yenyewe kutoka mtandaoni. Nitawapa haki yao: kadi hiyo unaweza kumuuzia mwingine, jambo ambalo gemu zangu 41 haziruhusu. Na si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Cyberpunk 2077, gemu kubwa sana, iliingia nzima kwenye kadi ya Switch 2. Lakini siku seva zitakapozimwa, ufunguo utabaki bila nyumba. Na seva huzimwa. Machi 2023 Nintendo hao hao walifunga mauzo kwenye duka la mtandaoni la 3DS na Wii U.

Hapa ndipo mtu wa tundu la CD kama mimi anapaswa kunyamaza kidogo na kukubali ukweli: CD peke yake haikuokoi. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka 2014. Ilihitaji intaneti wakati wote, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa. Waliokuwa na CD wamebaki na kitu cha kuwekea kikombe cha chai. Jambo hilo ndilo lililochochea kampeni ya Stop Killing Games, ambayo huko Ulaya ilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Concord ya Sony ilikuwa kisa kingine. Ilifunguliwa mwishoni mwa Agosti 2024, ikazimwa baada ya wiki mbili. Watu walirudishiwa pesa, sawa, lakini ile gemu yenyewe, kazi ya watu ya miaka mingi, huwezi tena kuicheza hata ukitaka kuonja ubaya wake.

Kwa hiyo ninachokitetea si plastiki. Ni tofauti kati ya vitenzi viwili. Kiswahili kinajua vizuri tofauti ya kununua, kupanga na kuazima. Nyumba nimepanga, na hakuna siku mwenye nyumba amenidanganya kwamba nimeinunua. Lakini kitufe cha dukani mtandaoni kimeandikwa nunua, wakati mkataba ulio chini yake, ule tunaoukubali bila kusoma, unasema umepewa leseni. California imetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowakataza wauzaji kutumia neno kama hilo bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyesahihishiwa sarufi. Kumbe shida yangu ilikuwa ya kitenzi. Ni mpangaji mara mbili: mara moja kwa landilodi, mara moja kwa duka la gemu. Tofauti ni kwamba landilodi ananijua.

Kwa sababu duka la PlayStation halinijui hata kidogo. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua ukifungua akaunti. Kwa hiyo mimi, mkazi wa bedsita ya Roysambu, ni Mmarekani kwenye karatasi. Pesa yangu inatoka M-Pesa, inaenda kwa mtu anayeuza namba za kadi za zawadi kwa faida yake, namba inanijia kwa simu, naiingiza, ndipo gemu inakuwa yangu, au tuseme leseni inakuwa ya yule Mmarekani. Wengine mtaani wananunua akaunti nzima iliyokwisha kujazwa gemu, wanagawana watu wawili au watatu. Niliwahi kujaribu. Jamaa aliyeniuzia alibadilisha neno la siri baada ya miezi miwili na namba yake ya simu ikafa. Ningemshtaki wapi, na kwa kuibiwa nini?

Najua utaniuliza: kama ni mbaya hivyo, mbona una 41?

Kwa sababu si mbaya yote. Gemu ya dijitali haikwaruziki. Haihitaji nauli ya tao. Ikishushwa bei kweli inashuka, na nimewahi kuipata kwa bei ambayo hata Luthuli wangecheka. Kuna gemu ndogo nzuri ambazo hazijawahi kuchapwa kwenye CD na hazitachapwa. Kijana wa hapa anayetengeneza gemu kwenye kompyuta yake hana kiwanda cha diski wala mtu wa kumsambazia. Duka la mtandaoni ndilo mlango wake wa pekee. Zaidi ya hapo, CD yangu ya mtumba haimlipi mtengenezaji chochote kuanzia mkono wa pili kwenda mbele. Remedy, studio ya Ufini, walitoa Alan Wake 2 mwaka 2023 bila diski, wakaeleza kwamba hiyo iliwasaidia kushusha bei. Diski ilikuja mwaka uliofuata. Hoja yao ina uzito. Ningeikubali kabisa kama bei ya dijitali ingekuwa kwa kawaida chini ya bei ya CD. Lakini gemu kubwa siku ya kwanza ni dola 70, kama ngiri tisa, ukiinunua na kasha au bila kasha. Na Nintendo wamefikisha Mario Kart World dola 80. Nimenyang'anywa haki ya kuuza, na sijapunguziwa hata bob.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wachambuzi wenzangu unapoanza. Soma uchambuzi wowote wa mashine mpya. Watapima joto lake, kelele zake, kasi ya kufungua gemu. Hawataandika ni nini kitatokea mwenye mashine akikwama. Nadhani ni kwa sababu wachambuzi wakubwa hupewa gemu na kampuni kabla hazijatoka. Mtu asiyenunua hawezi kukumbuka kuuza. Kwake gemu ni kazi ya sanaa anayoitazama, kisha anasonga kwa nyingine. Kwetu ni kazi ya sanaa na pia ni akiba, kama mbuzi. Mbuzi unampenda, lakini kila mtu nyumbani anajua kwa nini yuko pale.

Oktoba 2025 Sony na AMD walijitokeza na Mark Cerny, msanifu wa PS5, kueleza teknolojia wanazozitengenezea konsoli ya baadaye, itakayokuja baada ya miaka michache. Yalikuwa mazungumzo ya mwanga, ya akili bandia inayonolea picha, ya namna ya kubana data. Microsoft nao walikuwa wametangaza miezi michache kabla kwamba wanashirikiana na AMD kwa mashine zao zijazo. Sina ubishi na hayo. Picha nzuri ni nzuri. Lakini matarajio yangu ni mengine, na hayahitaji uvumbuzi wowote.

Nataka mashine yenye tundu, au angalau inayokubali tundu bila kumuomba mtu ruhusa mtandaoni. Nataka gemu ya mchezaji mmoja iweze kufunguka hata stima ikirudi kabla ya intaneti. Na kama hayo yote ni mengi, basi nataka moja tu: nikimaliza gemu ya dijitali, nipewe kitufe cha kumpa mwingine. Wachukue asilimia yao. Mtengenezaji naye apate kitu, jambo ambalo CD ya mtumba haijawahi kumpa. Mashine inayoweza kukokotoa mwanga unavyoruka ukutani haiwezi kushindwa kuondoa jina moja kwenye orodha na kuliandika kwenye orodha nyingine.

Juzi nilipita kwa Anko. Bado yuko, ingawa sasa ana PS4 mbili na PS5 moja yenye tundu aliyoinunua mtumba. Mechi ni mbao. Nilimuuliza atafanya nini mashine mpya ikija bila mahali pa CD.

"Kwani gemu itaingilia wapi?" akauliza.

Nikamweleza: akaunti, intaneti, kadi ya zawadi, Marekani. Alinisikiliza huku akiangalia saa ya TV ya pili, maana watoto wanapenda kuiba dakika.

"Sasa hiyo akaunti," akasema, "nikifunga kazi nirudi ocha, nitamwachia nani?"

Nilimwambia haiwezi kuachiwa mtu. Alitikisa kichwa, akafungua droo, akanionyesha CD zake. Zilikuwa kama ishirini, kasha nyingi zimepasuka, moja imefungwa kwa selotepu. Akatoa moja ambayo sijawahi kuicheza akanipa niende nayo nyumbani, nirudishe Jumapili. Mtoto aliyekuwa amefungwa mabao manne akamwita: "Anko, pedi ya huyu inashika, yangu haishiki!" Akaenda kuangalia pedi.

CD iko hapa mezani ninapoandika. Kwenye kasha, kwa kalamu, kuna jina la mtu ambaye simjui, na chini yake jina la pili lililokatwa kwa mstari. Jumapili naipeleka.